Vimulimuli

Kituo kiko Mtaa wa Parade, hapa Erie,
kati ya duka la matairi na kanisa la Wapolandi lililofungwa.
Mimi ni mkalimani. Nakaa kiti cha tatu.
Lakini mwaka ule kiti cha tatu kilikuwa simu,
simu nyeupe ya mezani yenye kipaza sauti,
na upande wa pili mtu wa mji asioutaja,
mbwa wake akibweka.

Nabintu aliingia na miezi minane tumboni
na viatu vya mumewe miguuni; vyake vilishamkataa.
Alitoka zamu ya usiku kiwandani,
kule wanakomimina plastiki ya vizibo.
Wakamuuliza anajisikiaje.
Kichwa kinanigonga, alisema. Naona vimulimuli.

Simu ikanyamaza. Mbwa akabweka. Simu ikasema
mama anaona wadudu wa usiku, wale wenye taa.
Ilikuwa Februari.
Muuguzi akatabasamu, akaandika: amekumbuka kwao.
Mashine ya presha iligoma, na foleni ilikuwa ndefu.

Wahenga walituonya tusiwatukane wakunga
na uzazi ungalipo.
Kuhusu simu hawakusema neno.

Usiku ule theluji ya ziwa ilifika magotini
na Nabintu akaanguka jikoni, ulimi katikati ya meno.
Napita hapa upesi, ndivyo alivyoniomba mwenyewe.
Aliishi. Mtoto aliishi, kilo moja na robo tatu,
anaitwa Aganze.
Ila siku tatu hazijamrudia hadi leo,
na mojawapo ni ile aliyojifungua.

Mwezi wa nne alirudi, hakuwa na miadi.
Akamlaza Aganze juu ya meza ya mkurugenzi,
katikati ya bajeti,
akasema (na safari hii kwenye kiti nilikuwepo mimi):
Sikuja kulaumu. Nimewaletea maneno. Andikeni.

Tukakaa Jumanne nne na mkunga Wieczorek,
kalamu yake ikikwaruza kama kuku:
*Miguu imejaa. Pete haitoki.*
*Macho yana nyota, yana ukungu, yana vimulimuli.*
*Mtoto amenyamaza.*
*Chembe cha moyo kinauma*, na hapo nilimzuia,
maana alishachora moyo;
nikamshika mkono, nikaushusha chini ya mbavu zake.
Hapa, nikamwambia. Hapa, si huko.

Tulipofika *uchungu* aliweka kalamu chini.
Neno moja kwa shubiri, kwa msiba, kwa leba?
Sasa nitajuaje ni upi?
Nabintu alikuwa ananyonyesha, hakuinua kichwa.
Uliza, alisema. Kisha ngoja ujibiwe.

Sasa Alhamisi tunafunga saa tatu usiku,
kwa ajili ya wanawake wa zamu.
Mashine kumi na mbili za presha huenda nyumbani na wenyewe;
mbili ni mbovu, moja ilirudi na uji.
Gari la kuwafuata akina mama lilikataliwa.
Tuliomba tena. Likakataliwa tena.
Wanapanda basi, wanashuka kwenye barafu,
mkono mmoja tumboni, mwingine hewani ukitafuta ukuta.

Wiki iliyopita alikuja binti wa Uvira, Wivine, mimba ya kwanza,
amevuta kofia hadi kwenye nyusi, anaikwepa taa.
Unajisikiaje? Salama, alijibu.
Salama ile yetu, inayotangulia kila ugonjwa.
Nilikuwa nafungua kinywa niitafsiri
Wieczorek alipoinama, akamtazama,
akalisema mwenyewe, kwa ulimi wake mgumu:
*Wimulimuli?*

Binti akacheka, kofia ikamdondoka.
Kisha akaacha kucheka.
Ndiyo, alisema. Tangu jana.

Mkunga alikuwa ameshasimama.